Ngozi ya Ng'ombe, Nguzo na Ziwa: Nilivyomchagulia Mpwa Wangu Kipima Umbali cha Kuwindia

Mpwa wangu alifika kwangu Nyakato Jumamosi moja asubuhi, chai haijaiva, ameshika boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. "Shikamoo mjomba. Nimepata kipimo." Ndani mlikuwa na kipima umbali cha leza, cheusi, cha kuenea kiganjani, na juu ya boksi pameandikwa kwa herufi nene kwamba kinapima mpaka mita 1,500. Alikinunua mjini kwa laki mbili na ushee, kwa muuza vifaa vya simu.

Nikamwuliza: "Mita 1,500 mpaka kwenye nini?"

Akanyamaza. Hapo ndipo wengi wanaponunua kifaa kibovu, kwa hiyo naanzia hapo.

Kwanza nijitambulishe kidogo, usije ukadhani nimesoma haya kwenye boksi. Nimefuata nyayo katika kambi za uwindaji kwa miaka kumi na tisa, mingi kati ya hiyo Pori la Akiba la Maswa upande wa Simiyu, na misimu michache Moyowosi. Magoti yalipogoma nikarudi Mwanza, na sasa nina kibanda cha kutengeneza darubini na kamera, si mbali na Mlango Mmoja. Vipimo hivi nimeviona porini vikining'inia shingoni mwa wageni, na nimeviona mezani kwangu vimepasuliwa matumbo. Kibali cha kuwinda na leseni ya silaha sivizungumzii hapa. Hivyo vina wenyewe, TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na polisi, na asiyekuwa navyo hana haja na kifaa hiki labda kama anataka kupima shamba la mpunga.

Sasa turudi kwenye mita 1,500. Ukibonyeza kitufe, kifaa kinatupa mpigo wa mwanga usioonekana kwa jicho. Mwanga ule unagonga kitu, unatawanyika, na chembe yake inarudi kwenye lenzi. Saa iliyomo ndani inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda mita 300 na kurudi inachukua sehemu mbili tu za milioni za sekunde. Saa ikikosea nanosekunde 7 (sehemu saba za bilioni za sekunde), umeshakosea mita nzima. Kazi ya kifaa, basi, ni mambo mawili: saa sahihi, na jicho linaloweza kuona mwanga kidogo unaorudi.

Na mwanga unaorudi haulingani. Kibao cha barabarani chenye rangi ya kung'aa kinaurudisha kwa wingi. Mfuko mweupe wa sementi nao haupo nyuma. Ngozi ya mnyama, yenye manyoya ya kahawia na vumbi, inaumeza. Ile namba kubwa ya kwenye boksi imepatikana kwa kulenga kitu kinachong'aa, na porini hakuna nyamera aliyevaa jaketi la bodaboda. Watengenezaji waungwana wanaandika namba tatu: kitu kinachoakisi, mti, na mnyama wa jamii ya kulungu. Tafuta ile ndogo kuliko zote, ndiyo yako. Katika vifaa vizuri nilivyovishika, namba ya mnyama huwa karibu nusu ya ile kubwa. Katika vya bei ya chini huwa pungufu sana ya nusu, na mara nyingi hawaiandiki kabisa. Wasipoiandika, ujue wana sababu.

Unahitaji mita ngapi, hasa? Watu wanajidanganya sana hapa. Kule Maswa, kwenye migunga na vichaka, risasi nyingi nilizoshuhudia zilipigwa kati ya mita 60 na 150. Mbuga ikifunguka, kwa nyamera au swala tomi, unaweza kufika 200 na kidogo. Chukua bunduki ya .30-06 yenye risasi ya greni 180, iliyosawazishwa mita 100, yaani umbali huo inapiga palepale unapolenga. Mita 200 risasi itakuwa imeshuka kama sentimita 14. Mita 300 imeshuka karibu nusu mita. Ndiyo kusema chini ya mita 150 macho yako yanatosha, na kifaa kinaanza kulipa fedha yake pale unapobishana na nafsi yako kama ni 180 au 250. Ninachodai mimi ni kifaa kisome ngozi kavu mita 400 bila kusitasita. Si kwa sababu nitapiga mita 400, la hasha. Ni kwa sababu jua kali, moshi wa nyika inayoungua na mkono unaotetemeka vitakula sehemu yake, na nataka kibaki cha kutosha.

Nikamwambia mpwa wangu tusibishane na boksi. Twende Igombe, kando ya ziwa, tukapime.

Tulipita buchani tukaazima ngozi ya ng'ombe wa kahawia, imekauka lakini bado ina manyoya. Mke wangu alitaka ikae nje ya gari, na harufu ilimpa haki. Tulichukua pia mfuko mtupu wa sementi, fito mbili, na tepu ya fundi ujenzi ya mita 50. Usiamini uwanja wa mpira kuwa kipimo. Kila mtu anasema uwanja ni mita 100, lakini urefu wake unaruhusiwa kutofautiana, na vile vya mitaani aliyevipima ni Mungu. Tukavuta tepu kando ya njia inayofuata ufukwe, mara sita, tukachomeka kijiti mita 100, 200 na 300.

Hapo ndipo tulipopata matatizo ambayo kitabu cha maelezo hakikutuonya. Watu wawili wenye tepu, fito na kitu cheusi cha kuchungulia, kandokando ya ziwa! Haikupita nusu saa, wavuvi wakaacha kuanua dagaa, kina mama wakasimama, na mwenyekiti wa mtaa akaja akiwa na watu wanne nyuma yake. Walidhani ni wapimaji wa ardhi tumekuja kuwauza. Nilimwamkia vizuri, nikampa kifaa mkononi, nikamwonyesha kitufe. Akapima mwembe, akapima mtumbwi, kisha akageuka polepole akapima kutoka pale aliposimama hadi kwenye ua wa jirani yake mmoja. Akasoma namba, akatabasamu peke yake. Sijui kesi ile iliishia wapi. Lakini nakushauri: kabla ya kupima popote karibu na makazi, anzia kwa mwenyekiti.

Tulitundika ngozi kwenye fito kwa kamba ya katani, mfuko wa sementi pembeni yake. Utaratibu wangu ni huu: kila umbali nabonyeza mara kumi, naandika kila jibu, hata pale kinapokataa. Kumi, si mara moja. Mara moja kila kifaa ni hodari.

Kwa mfuko wa sementi kifaa cha mpwa wangu kiling'ara. Mita 300 bila shida, na mtumbwi uliopakwa chokaa nyuma kabisa kilisoma zaidi ya 600. Akanitazama kwa kiburi kidogo. Tukahamia kwenye ngozi. Mita 100, kumi kwa kumi. Mita 200, mara tatu tu kati ya kumi, na moja kati ya hizo tatu ilisema 211. Mita 300 hakikuona kitu. Changu, cha zamani, kimechubuka pembe zote, kilisoma mara kumi kwa 300, na majibu yake yalicheza kati ya 299 na 301. Ile 211 ndiyo iliyonikera kuliko kukataa. Kifaa kikionyesha vistari unajua hakijaona, unasogea karibu au unaacha. Kikikupa namba ya uongo kwa sauti ya ukweli, utaifuata.

Fanya jaribio hili saa za mchana wenye jua kali pia, maana mwanga wa jua unaingia kwenye lenzi na kuufunika ule mdogo unaorudi. Kifaa kinachosoma ngozi vizuri saa kumi na mbili jioni kinaweza kushindwa saa saba mchana umbali uleule. Sisi tulirudia saa saba, na kile cha laki mbili hakikusoma hata mara moja kwa mita 200.

Jaribio la pili ni la nguzo, na ndilo watu hawalijui. Ndani ya kioo kuna alama ya kulengea, kiduara au msalaba. Unaamini kwamba mwanga unakwenda pale alama ilipo. Si lazima. Alama na mwanga vinaweza kuwa vimepishana kiwandani, au baada ya kifaa kudondoka. Tafuta nguzo iliyosimama peke yake, nyuma yake kusiwe na kitu cha kurudisha mwanga. Wenzetu wa bara huko wanahangaika kutafuta nguzo yenye anga tupu nyuma yake. Sisi tuna ziwa. Maji yaliyotulia, ukiyatazama kwa mlalo, yanautupa mwanga mbele uendako badala ya kuurudisha, kwa hiyo kifaa hakioni chochote. Nilijifunza hilo Kigongo, enzi za kusubiri kivuko cha kwenda Busisi kabla ya daraja lile la kilomita tatu. Mgeni mmoja alikuwa akipima maji kwa kujifurahisha, vistari vitupu, mpaka alipogusa ubavu wa kivuko ndipo namba ikaja.

Basi simama ufukweni, tafuta mti wa kufungia mitumbwi au nguzo iliyochomekwa majini, mita 100 hivi. Weka kifaa kwenye hali ya kusoma mfululizo. Anza kushoto kwa nguzo, sogea taratibu kulia, ukiangalia namba inaanza kutokea alama ikiwa wapi. Kisha anza kulia urudi kushoto. Kama namba inaanza kabla alama haijagusa nguzo upande mmoja, na upande mwingine inachelewa, mwanga umehamia pembeni. Kupishana kidogo kunavumilika, ilimradi ukujue. Kupishana kwa upana wa nguzo nzima, rudisha kifaa dukani.

Jaribio hilohilo litakuonyesha umbo la mwanga. Usidhani ni uzi. Unatanuka kadiri unavyokwenda, kama mwanga wa taa ya kuvulia dagaa, ila kwa kiasi kidogo mno. Kwenye maelezo ya kifaa utaona kipimo cha miliradiani. Miliradiani 1 ni mita 1 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mwanga wa miliradiani 1.5 ukifika mita 300 una upana wa sentimita 45. Na kwa vifaa vingi mwanga si duara, ni mstari: mpana upande mmoja, mwembamba upande mwingine. Ukigundua mstari wa kifaa chako umelala au umesimama, umepata siri nzuri. Mnyama akiwa kati ya mashina mawili, unageuza kifaa ili mstari usimame na kupenya pengo. Wageni walikuwa wananiona nageuza kipimo ubavu wanadhani sijui kukishika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu usingizi.

Mwaka mmoja kule Maswa, mwanzo wa msimu, nyasi bado ndefu, tulimkuta nyamera dume juu ya kichuguu, kama wanavyopenda kusimama kuangalia mbali. Mgeni alikuwa na kipimo kipya cha bei mbaya. Sitataja kampuni, na kwa kweli kifaa kilikuwa kizuri. Akapima: 168. Mwindaji bingwa aliyekuwa akimwongoza alinong'ona kwamba panaonekana zaidi, mgeni akaonyesha namba. Nani abishane na namba? Akaegemeza bunduki kwenye ile mikongojo mitatu, akapiga. Risasi ilikwenda chini, ikavunja mguu wa mbele. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia, tukaanza tena alfajiri, na tulipomfikia fisi walikuwa wametutangulia. Mgeni akalipia mnyama asiyempata. Asubuhi ileile tulirudi pale tulipopigia, tukapima kichuguu, kifaa kikiwa kimebadilishwa hali. Jibu: 241. Ile 168 ya jana yake yalikuwa ni mashuke ya nyasi yaliyokuwa mbele.

Kifaa kilifanya kilichoagizwa. Vingi vina hali mbili: lengo la kwanza na lengo la mwisho. Mwanga unapogonga nyasi kidogo, halafu mnyama, yanarudi majibu mawili, na kifaa kinachagua moja la kukuonyesha. Hali ya lengo la kwanza inachagua la karibu. Hali ya lengo la mwisho inachagua la mbali. Kwa uwindaji wa kwetu, wa nyasi, migunga na, ukienda Moyowosi kutafuta nzohe, ukuta wa mafunjo, unataka ya mwisho. Kifaa kisichokuwa na uchaguzi huo usikinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Na hapa kuna mtego mkubwa wa sokoni. Vingi vya bei nafuu vinavyoletwa vimetengenezwa kwa wacheza gofu. Mcheza gofu anataka umbali wa bendera iliyo mbele, si wa miti iliyo nyuma ya bendera, kwa hiyo kifaa chake kimefundishwa kupenda kitu cha karibu. Wakishakipaka rangi ya majani na kubandika picha ya paa, kinaitwa cha kuwindia. Ukiona kwenye menyu kuna alama ya kibendera, au kifaa kinatetemeka kidogo "kikishika" lengo, uliza kwa makini kama hali hiyo inazimika. Cha mpwa wangu kilikuwa na kibendera. Hakikuzimika.

Lengo la mwisho nalo lina udhaifu wake: mnyama akiwa na kilima nyuma, mwanga uliompita pembeni utakupa umbali wa kilima. Ndiyo maana sibonyezi mara moja nikaondoka. Nampima mnyama, napima shina la mti lililo sawa naye, napima kichuguu kilicho karibu naye. Namba tatu zikikubaliana ndani ya mita chache, nasema. Zisipokubaliana, sisemi. Hata ukungu unadanganya. Asubuhi za baridi ukungu ukilala bondeni, matone yake yanarudisha mwanga na kifaa kinakwambia mita 30 wakati unamlenga mnyama wa 150.

Tukakaa Igombe mpaka jua linazama, maana jioni ndiyo saa yenyewe. Wanyama wanatoka kwenye vivuli, na sheria inakukataza kuwinda usiku, kwa hiyo kinachobaki ni kipande kifupi cha mwanga hafifu. Hapo utaona tofauti ya skrini. Kuna zenye namba nyeusi, zile za kama saa ya mkononi. Mchana zinasomeka safi. Jioni, namba nyeusi juu ya mnyama wa kahawia aliye mbele ya kichaka cheusi, huoni kitu. Tena kioo cha namna hiyo kinakula sehemu ya mwanga unaokuja jichoni, picha nzima inakuwa kama unatazama kupitia miwani ya jua. Namba nyekundu zinazowaka zenyewe ni bora, mradi ziwe na ngazi za kupunguza mwanga. Zikiwaka kupita kiasi zinakupofua. Chungulia kifaa dukani kwenye kona yenye giza, au kifunike na koti. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

Ukuzaji wa mara 6 unatosha. Wenye 7 au 8 wanafurahisha macho, lakini kila unachokiona kinatetemeka zaidi, na kitufe kigumu kinakwambia ufanye kazi mara mbili. Bonyeza kitufe hicho mara nyingi kabla hujalipa. Kikidai nguvu, alama itaruka kila unapobonyeza, na kwa mnyama aliye mita 250 kuruka kidogo ni kupima kichaka. Ukiwa porini usisimame wima kama mnara. Egemeza kifaa juu ya mikongojo, au shina, au bega la mwenzio, toa pumzi nusu, bonyeza.

Kuhusu mteremko, sisi watu wa mawe tunalijua bila kufundishwa. Ukisimama juu ya jabali ukampiga aliye chini, risasi inavutwa na ardhi kwa umbali wa mlalo tu, si ule mrefu wa kushuka. Mita 200 kwa mteremko wa nyuzi 10 ni kama 197, usijisumbue. Kwa nyuzi 20 ni 188. Kwa nyuzi 30 ni 173, na hapo inahesabika. Vifaa vingi vya sasa vinapiga hesabu hiyo vyenyewe. Nzuri kuwa nayo. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya kifaa chenye hesabu ya mteremko na kile kinachosoma ngozi vizuri zaidi, chukua cha ngozi. Vile vinavyopiga hesabu nzima ya risasi, vinaungana na simu na kuuliza kanieneo la hewa (hapa kwetu kando ya ziwa tuko kama mita 1,134 juu ya bahari), hivyo ni vya watu wanaopiga mbali sana, na mimi sijawahi kuhitaji.

Angalia pia yadi. Vifaa vingi vinatoka kiwandani vikiwa kwenye yadi, na kuna herufi ndogo sana pembeni ya namba, Y au M. Yadi 300 ni mita 274. Badilisha siku ya kwanza, halafu hakikisha kila unapobadilisha betri, maana baadhi vinarudi kwenye yadi vyenyewe.

Betri nayo. Vingi vinatumia CR2, ile fupi nene ya volti 3. Mwanza inapatikana, lakini si kila kona, na nimeshauziwa iliyokuwa imekufa ndani ya pakiti yake. Nunua tatu, jaribu zote hapohapo. Vya kuchaji kwa waya wa simu vimerahisisha maisha kambini kwenye umeme wa jua, ila uliza betri yake inatoka au imefungiwa. Iliyofungiwa ikichoka, kifaa chote kimechoka.

Nikifungua vifaa vilivyokufa mezani kwangu, sikuti leza iliyoungua. Nakuta kutu kwenye vikanyagio vya betri, kifuniko cha betri kilichokatika sikio, na kuvu. Kuvu ndiye adui wa mtu anayekaa kandokando ya ziwa. Anaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na akishakula kioo hafutiki. Alama ya IPX7 maana yake kifaa kinavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. IPX4 ni maji ya kurushiwa tu. Kwa mvua za vuli na kwa mtumbwi, chukua 7. Lakini hata 7 haikusaidii ukikifungia kikiwa na unyevu ndani ya mfuko wake wa ngozi mwaka mzima. Mimi natupa mfuko wa ngozi. Kifaa kinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu vipya. Wauza viatu Makoroboi wananipa bure, wanavitupa.

Wengine wataniuliza kuhusu darubini yenye kipimo ndani yake. Ni nzuri, inapunguza mzigo shingoni na hupotezi muda wa kubadilisha. Bei yake ni ya pikipiki, na ikiharibika umepoteza macho mawili kwa pamoja. Kwa anayeanza, hapana.

Mpwa wangu alirudisha kile cha kwanza Jumatatu. Muuzaji aligoma, kisha akakubali kurudisha yote kasoro elfu thelathini, tukaona si haba. Ilimchukua miezi mitano kukusanya fedha ya kingine, cha mtengenezaji anayeandika namba zote tatu kwenye boksi: mita 1,600 kwa kinachong'aa, 1,200 kwa mti, 900 kwa mnyama. Alipokileta hakuniambia kitu. Alikuwa ameshapita buchani mwenyewe, ngozi iko nyuma ya pikipiki imefungwa kwa mpira, na kwenye karatasi alikuwa na safu mbili za kuandikia, asubuhi na jioni. Ngozi ya mita 300 ilisomeka kumi kwa kumi. Kwenye nguzo tulikuta mwanga umehamia kulia kidogo, chini ya nusu ya upana wa nguzo, akachora mshale mdogo kwa wino mweupe juu ya kifaa ili asisahau.

Mwenyekiti alitukuta tena. Safari hii alikuwa peke yake, na akauliza kama tunaweza kumwazima hadi Jumapili.